Pipa, Mkaa na Nyama: Jinsi Simiyu Ilivyopata Jiko Lake la Kuchomea

Mkazi wa Bariadi anayetaka jiko la kuchomea nyama la kuweka uani ana njia mbili. Aende kwa fundi wa kuchomelea, apasuliwe pipa la lita 200, liwekewe miguu ya chuma na wavu wa nondo. Au aagize Mwanza ama Dar es Salaam jiko la gesi la kiwandani, lenye kifuniko kinachong'aa na kipimajoto juu yake. Kwa fundi au dukani, mazungumzo yatakuwa ya chuma: unene wa bati, kutu, miguu, rangi, bei. Ukitazama historia ya sehemu hii ya Usukuma, utaona kuwa chuma hakijawahi kuamua jambo. Kilichoamua ni cha kuwashia. Kila chanzo cha moto kilipobadilika jiko nalo lilibadilika, na namna ya kula nyama ikafuata nyuma. Anayechagua jiko leo anafanya uamuzi uleule waliofanya babu zake, ingawa yeye hudhani anachagua bati.

Mkoa wa Simiyu ni wa juzi tu. Ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, ukachukua Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, na ukaongezewa Busega iliyotoka Magu, mkoani Mwanza. Ardhi yenyewe ina historia ndefu ya ng'ombe, na nyama si kitu ambacho watu wake walikosa kukifahamu. Walichokosa, kuanzia kizazi cha kati ya vita kuu mbili, ni miti. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliendesha vita dhidi ya mbung'o katika nchi ya Wasukuma, na kituo cha utafiti wake kilikuwa Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, aliyeongoza kazi hiyo mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Silaha kuu ilikuwa shoka. Vichaka ndivyo makazi ya mbung'o, kwa hiyo vichaka vilifyekwa, na maelfu ya wanaume walitolewa na watemi wao kwenda kufyeka. Mbung'o alirudi nyuma, malisho yakapanuka, watu na mifugo wakahamia kwenye ardhi mpya. Kisha ikaja pamba, nayo haipendi kivuli. Mtaalamu wa kilimo N. V. Rounce alipochapisha kitabu chake juu ya kilimo cha majimbo ya Ziwa, Magharibi na Kati mwaka 1949, aliita nchi hii nyika ya kilimo, yaani ardhi iliyolimwa na kulishwa mpaka miti ikabaki ya kuhesabika.

Matokeo yake jikoni hayazungumzwi sana, lakini yalikuwa makubwa. Penye miti michache, mwanamke wa kijijini alipikia kilichokuwepo: mabua ya mtama na mahindi, miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno, na mavi makavu ya ng'ombe. Miti ya pamba ilikuwa na sheria yake ya pekee. Mkulima alitakiwa, na hata leo anatakiwa, kuing'oa na kuichoma kabla ya msimu mpya ili funza wa tumba wasipate pa kujificha. Hivyo kila mwaka palikuwa na majuma kadhaa ambapo kuni za bure zilijaa shambani, zikateketezwa kwa amri, na sehemu ikabebwa nyumbani. Moto wa mabua na wa miti ya pamba ni wa haraka, wenye miali mirefu na moshi mwingi, usioacha makaa ya kutosha. Moto wa namna hiyo unafaa kwa chungu kilichokaa juu ya mafiga. Sufuria huwa ngao: moshi wa mavi ya ng'ombe haufiki kwenye mchuzi, na miali inayopanda na kushuka haiwezi kuharibu kitu kinachochemka. Nyama iliyowekwa wazi juu ya moto kama huo hupata masizi nje na ubichi ndani. Ndiyo maana nadhani hatuna haja ya kutafuta sababu za kimila pekee tunapoona kwamba chakula cha nyama cha nyumbani katika Usukuma kilikuwa cha kuchemsha na kuliwa na ugali. Mila ilikuwepo, na ng'ombe hakuchinjwa ovyo kwa kuwa alikuwa mali na mahari. Lakini hata siku alipochinjwa, mafiga na chungu ndivyo vilivyolingana na kuni zilizopatikana.

Kuchoma hakukufa, kulihama. Kulibaki kwa watu waliokuwa mbali na nyumba na karibu na miti: wachungaji, wawindaji, na baadaye watu wa minadani. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha masoko ya ng'ombe ya siku maalumu, ilianzisha bila kukusudia mahali ambapo mnyama aliweza kuuzwa, kuchinjwa na kuliwa kabla jua halijazama, na wageni wasio na mke wala chungu mahali pale. Nyama ya mnadani haihitaji jiko. Moto wa kuni ngumu, migunga kwa kawaida, huwashwa chini mpaka uwe makaa. Nyama hutungwa kwenye vijiti virefu vilivyochongwa ncha, na vijiti huchomekwa ardhini kuzunguka moto vikiwa vimeinama kidogo kuuelekea. Mafuta hutiririka kando, hayadondoki juu ya makaa, kwa hiyo hakuna miali inayolipuka. Mchomaji hugeuza kijiti, hukisogeza karibu au mbali, na joto la upande huivisha polepole. Nyama hiyo hukatiwa juu ya ubao na huliwa na chumvi, pilipili na ugali. Anayetaka kujua jiko la kwanza la Simiyu lilikuwaje, hilo ndilo: kijiti, ardhi na kuni za mgunga. Upande wa mashariki, kuelekea Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, nyama ilikaushwa pia, na kwa sababu nyingine. Nyama ya porini ilikatwa vipande virefu, ikakaushwa juani au juu ya moto wa kichakani na kubebwa ikiwa nyepesi. Vipande hivyo huitwa kimoro. Leo biashara hiyo ni ujangili. Inaonyesha, hata hivyo, kwamba hapa kutumia moshi kulitokana na umbali wa kubeba, na ladha ilikuwa jambo la pili.

Ushahidi ulio bora kuliko wote, kwa maoni yangu, hautoki kwa ng'ombe bali kwa samaki. Busega inagusa Ziwa Victoria kwenye ghuba ya Speke. Kabla ya miaka ya 1980 samaki wa wavuvi wadogo walikuwa hasa furu na sato, na ukaushaji wao ulikuwa kazi ya jua: wanapasuliwa, wanatandazwa juu ya majani au chanja, siku chache zinatosha. Kisha sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka ghafla na kulitawala ziwa zima. Sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi. Ukimtandaza juani huchacha kabla hajakauka. Wanawake wa mialoni, waliokuwa wamekausha samaki bila gharama ya kuni kwa miaka yote, walilazimika ndani ya muda mfupi kuwa wakaushaji kwa moshi. Yalijengwa matanuri ya udongo, yakachimbwa mashimo yaliyofunikwa wavu, na kuni zikaanza kununuliwa kutoka mbali, kwa sababu pwani ya ziwa haikuwa na miti ya kutosheleza. Tayari katika miaka ya 1980 wanasayansi wa samaki walionya kwamba samaki mmoja aliyeletwa na binadamu anamaliza misitu ya ufukweni. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, minofu ya sangara ikaenda Ulaya, na matanuri ya wanawake yakabaki na vichwa na mifupa, yaani mapanki, pamoja na samaki waliokataliwa na viwanda. Angalia mpangilio wa mambo. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba moshi ni mtamu zaidi kuliko jua. Samaki alibadilika, moto uliohitajika ukabadilika, tanuri likajengwa. Ladha ya sangara wa moshi, ambayo leo watu wa Lamadi na Nyashimo huitetea kama urithi, ni mtoto wa mafuta ya samaki yule.

Sasa pipa. Pipa la chuma la lita 200 lilibuniwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, katika kiwanda kilichokuwa mikononi mwa Nellie Bly, mwandishi wa habari aliyepata umaarufu kwa kuizunguka dunia, na hati ya ubunifu ilitolewa mwaka 1905. Vita Kuu ya Pili ililitapakaza duniani likiwa na petroli na mafuta ya mitambo. Huku kwetu lilikuja na malori, vinu vya kuchambua pamba na pampu. Kwa miaka mingi lilikuwa chombo cha maji, cha pombe na cha nafaka, na bati lake likanyooshwa kuwa milango na mapaa. Halikuwa jiko la nyama, ingawa lilikuwepo. Hili ni jambo la kuzingatia kwa wanaoamini kwamba kifaa huzaa desturi: pipa lilikaa kati yetu kwa vizazi viwili hivi kabla nusu yake haijalazwa chali mbele ya baa na kujazwa mkaa. Lilisubiri mkaa. Mkaa ni nishati ya miji. Mtu wa kijijini mwenye shoka hana sababu ya kuuchoma kwa ajili yake mwenyewe, kwa maana tanuri la udongo hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Lakini kilo hiyo moja hubeba karibu mara mbili ya joto la kilo ya kuni kavu, haitoi moshi mwingi, haiozi ndani ya gunia, na inasafiri. Bariadi ilipokua kutoka mji mdogo wa pamba hadi makao makuu ya mkoa, wakaja watumishi, wafanyabiashara na madereva, na lami ya Mwigumbi hadi Lamadi kupitia Maswa ikafanya safari za magunia kuwa nyepesi. Hapo nusu pipa likapata kazi. Makaa ya mkaa hukaa kimya, joto lake ni la usawa, na kwa mara ya kwanza nyama iliweza kulazwa wazi juu ya moto wa kila siku mjini bila kuharibika. (Wamarekani wasituone duni katika hili. Jiko lao la mviringo lenye kifuniko, linalouzwa ghali hadi Nairobi, lilianza mwaka 1952 pale George Stephen, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Weber Brothers huko Chicago, alipokata boya la baharini katikati na kulitia miguu. Na yeye alitumia chuma kilichokuwa karibu.)

Mkaa huo ulitoka wapi, katika nchi iliyosemwa kuwa haina miti? Kwa sehemu ulitoka mbali, magharibi na kusini. Lakini pia miti ilikuwa imerudi, na kurudi kwake kuna historia. Wasukuma walikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili nyasi zibaki kwa ajili ya kiangazi, na ndani ya ngitili miti iliachwa iote. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na ngitili zao, nazo zikavunjika. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaojulikana kama HASHI, katika mkoa ambao wakati huo ulikuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake. Badala ya kupanda miti ya kigeni kwa amri, mradi ulirudi kwenye ngitili. Zilizobaki zilikuwa kama hekta 600; kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa kuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 HASHI ikapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Moja ya faida zilizoandikwa ni saa ambazo wanawake waliacha kuzipoteza wakitafuta kuni. Sitaki kusema kwamba ngitili zilirejeshwa ili mabaa yapate mkaa, maana wangekasirika wazee wengi. Ninachosema ni kwamba mtaa wa wachoma nyama hauwezi kuwepo pasipo kuni za kudumu, na mtu akila mbavu Bariadi anakula pia matunda ya uzio uliowekwa na mzee fulani wa kijijini kuzuia ng'ombe wa jirani.

Kuna pingamizi la nguvu, nalo ni la ladha. Wapo watakaosema: watu huchagua mkaa kwa sababu nyama ya mkaa ni tamu, basi, na historia yote hii ya kuni ni kuzunguka mbuyu. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Tazama kinachotokea juu ya wavu. Mkaa ulioiva vizuri umeshapoteza karibu vitu vyote vinavyotoa moshi wa mti. Vilitoka kwenye tanuri porini. Harufu inayowavuta wapita njia hutoka kwenye mafuta yanayodondoka juu ya makaa, yakaungua na kurudi kwenye nyama. Sasa, ng'ombe wa Kisukuma ni zebu wa nundu, amelishwa majani, ametembea kilomita nyingi kutafuta maji na mara nyingi huchinjwa akiwa mkubwa. Mafuta yake ni machache na nyama ni ngumu. Jiko la gesi la kiwandani limetengenezwa kwa ajili ya vipande vyembamba vya ng'ombe aliyenenepeshwa kwa nafaka, linalopiga joto kali kwa dakika chache. Lilazie paja la zebu: nje litakuwa kaa, ndani litakuwa mpira. Mchomaji wa Bariadi hufanya kinyume. Huweka pande zima mbali na makaa kwa muda mrefu, huligeuza mara nyingi, hulipaka maji ya chumvi, na mteja husubiri akipiga soga. Kwa hiyo tunachokiita ladha ni mapatano kati ya mnyama wetu na moto wetu. Ladha haikusimama nje ya historia ikachagua. Ilitokana na mnyama na kuni, kisha ikazoeleka, na sasa inatetea kilichoizaa.

Pingamizi la pili ni la umaskini: kwamba pipa limeshinda kwa kuwa ni rahisi. Ni kweli linauzwa chini sana ya jiko la kiwandani. Lakini bei ya jiko hulipwa mara moja, na mkaa hulipiwa kila jioni; kwa mwenye banda la nyama choma, gharama ya pipa humezwa na magunia ya miezi michache. Kama bei ya chuma ingekuwa ndiyo mwamuzi, vijiti vya mnadani ambavyo ni vya bure vingelishinda pipa mjini. Havikushinda kwa sababu vinadai kuni ngumu na uwanja mpana, na mjini vyote viwili havipo. Wapo pia wanaosema nusu pipa ni mgeni kutoka mabaa ya Nairobi na Dar es Salaam. Inawezekana mtindo ulitoka huko. Ila mitindo mingi imepita Bariadi bila kukaa, na uliokaa ni ule uliokuta mkaa.

Hoja yangu, kwamba cha kuwashia ndicho huamua, inapimwa sasa kwa namna ambayo haijapata kutokea. Januari 2006 Serikali ilikataza mkaa, na katazo likaondolewa baada ya muda mfupi kwa kuwa majiko ya watu hayakuwa na kitu kingine cha kula. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 zilishaagizwa kuacha kuni na mkaa. Safari hii kuna vitu vya kuweka mahali pa mkaa: gesi ya mitungi inafika hadi vijijini, na mkaa mbadala kama ule wa STAMICO, shirika la madini la taifa, unaoitwa Rafiki upo sokoni. Kama historia ya Simiyu ina mantiki, nusu pipa lililo wazi juu, ambalo humwaga sehemu kubwa ya joto lake hewani, halitadumu kwa umbo hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayenunua leo ni huu. Usinunue jiko la gesi la kigeni kwa ajili ya nyama ya zebu, isipokuwa unakusudia kula soseji. Usichukue pia nusu pipa. Mwambie fundi atumie pipa zima, lipasuliwe kwa urefu na kufungwa bawaba ili nusu ya juu iwe kifuniko. Liwe na matundu ya hewa yanayofungika chini na bomba dogo la moshi juu, na wavu wenye ngazi mbili au tatu za kupandisha na kushusha. Likifunikwa, linaivisha paja kwa mkaa mchache, linakausha sangara wa Busega kwa moshi, na linapokea mkaa mbadala siku mkaa wa mti ukiadimika. Wavu usiwe wa chuma kilichopakwa zinki, kwa kuwa zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu. Na kwa kuwa tuko nchi ya pamba, ambako dawa za kuua wadudu zimepita katika vyombo vya kila aina, muulize fundi pipa lilibeba nini kabla ya kumpa fedha. Likiwa la mafuta ya kula au ya mitambo, lichomwe tupu kwa moto mkali hadi rangi na mabaki yaishe. Likiwa lilibeba dawa ya pamba, au kama fundi hajui lilibeba nini, liache.